Utabiri wa Wiki Moja na Magunia Sita ya Majongoo

Mashoga zangu wa kisiwani Uzi, kila nikija huko mnaniuliza safari ya Guangzhou ilikuwaje, nami nawajibu juu juu: kuzuri, kuna baridi, watu wengi. Wiki iliyopita Pili kaniambia usoni kwamba siku hizi najibu kama karani wa forodhani. Haya basi. Nimekaa, nimeshika kalamu, nawaandikia yote, na atakayewasomea asiruke kitu, hata pale ninapoonekana mjinga. Pale hasa asiruke.

Habari za pasi, viza na foleni zake naziacha, maana nikizianza nitapandwa na presha. Naanza na magunia. Yalikuwa sita, majongoo bahari matupu, mliyoyaokota wenyewe maji yakitoka, mkayapasua, mkayachemsha, mkayaanika mpaka mikono ikachubuka. Miaka yote tulikuwa tunamuuzia Bwana Hilali, naye kila mara huchukua moja, akalinusa, akakunja pua na kusema wanawake hawajui kukausha. Nikachoka. Nikasimama barazani kwa wifi yangu Mwanakheri nikaapa kwamba nitayapeleka mwenyewe kwa mnunuzi wa Guangzhou tuliyeandikiana barua, na akiyakubali atachukua kwetu kila msimu, na Hilali tutakutana naye harusini tu. Mkapiga vigelegele. Mtu ukishapigiwa vigelegele na baraza zima, huwezi tena kurudi mikono mitupu.

Magunia yakatangulia kwa meli mpaka Hong Kong, na kutoka huko yapakiwe lori. Mie nikafuata kwa ndege mwezi wa kumi na moja, huku kwetu mvua za vuli zinanyesha.

## Dubai, kwenye kiti cha chuma

Dubai nilitakiwa nikae saa tatu. Nikakaa siku moja na nusu, kwenye kiti cha chuma chenye mikono, kile ambacho ukitaka kujinyoosha kinakukatalia. Sababu ilikuwa dhoruba kwenye bahari ya China. Dhoruba ya kuchelewa, walisema, kwa kawaida msimu wake huwa umeshapita. Mambo yangu ndivyo yalivyo. Hata dhoruba iliyopitwa na msimu wake inanisubiri mie. Kila nikienda kuuliza, binti wa kaunta ananiambia bado saa moja. Nilizihesabu hizo saa moja zake mpaka nikaacha.

Tukapewa wali mweupe na kuku wa kuchemsha asiyejua chumvi. Jirani yangu alikuwa bwana mmoja wa Kisudani mwenye redio ndogo sikioni, naye akajipa kazi ya kututangazia dhoruba ilipofika. "Inageuka," anasema, watu tunashukuru. Baada ya chai: "Haigeuki." Nikamkasirikia yeye kana kwamba ndiye anayeshika usukani wake.

Lakini ndege haikuwa hofu yangu. Hofu yangu ilikuwa lori. Siku zile zile magunia yenu yalikuwa njiani kutoka Hong Kong, na mie turubai za malori nazijua zinavyovuja.

## Hong Kong hadi Guangzhou: treni na yai jeusi

Hong Kong niliiona kupitia kioo cha basi kinachotiririka maji, kwa hiyo msiniulize ikoje. Nikapanda treni. Mbele yangu alikaa mama mmoja wa Kichina na mfuko wa nailoni umejaa vyakula. Akaniona na buibui langu na makubazi miguuni, akanihurumia, akatoa yai akalimenya. Lilikuwa jeusi. Ute mweusi unang'aa, kiini kijani, harufu sisemi. Nikajua limeoza na mwenyewe hajui. Nikamwonyesha kwa mikono kwamba hili limeharibika, dada, usile. Akacheka, akala lile, akanimenyea jingine.

Sasa ufanye nini? Nikalifunga kwenye leso, nikatabasamu, nikalitia mkobani. Kumbe kwake hiyo ni ishara kwamba nimelipenda mno nalihifadhi, akaniongezea mawili. Nikaingia Guangzhou na mayai matatu meusi, moja limepasukia kwenye barua ya mnunuzi. Baadaye nikaambiwa ndivyo yanavyotengenezwa, na kwamba ni heshima kwa mgeni. Sawa, lakini mtu si aseme!

Mvua ilinyesha njia nzima.

## Nyuma ya Huanshi Zhonglu

Stesheni alinipokea Mwalimu Lusajo. Huyu ni mhadhiri, mtu wa Tukuyu, ana mke na watoto nyumbani na mwaka wa nne huu yuko Guangzhou anasomea kilimo cha umwagiliaji. Kaka yangu ndiye aliyenitambulisha kwake. Mkristo, mpole, anaongea taratibu mpaka unataka kumvuta maneno kwa mkono. Akanipeleka kwenye nyumba ya wageni kwenye uchochoro nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, juu ya mkahawa wa Waislamu wa Kichina wanaovuta tambi kwa mikono. Mwenye kushika funguo za nyumba alikuwa mama mzee mmoja mfupi, nywele nyeupe, mgongo umenyooka. Wote wanamwita Ayi, ndivyo wanavyomwita shangazi.

Magunia yalikuwa yamefika kabla yangu, yamewekwa stoo. Nikafungua la kwanza, harufu ikanijibu kabla ya macho. Yalikuwa yamekunywa maji. Lile jongoo mlilolitoa gumu kama kuni, ukilibonyeza linakubali kidole. Nikafungua la pili, la tatu, mpaka la sita, yote hivyo hivyo. Nikakaa chini kwenye saruji nikalia, Mwalimu amesimama pembeni anasema, "Pole, dada. Pole sana, dada," mpaka nikamwomba anyamaze.

Jumamosi akaja mnunuzi. Huyo kila mtu anamwita laoban, yaani tajiri, bosi. Viatu vyake vilikuwa safi katika uchochoro ule wenye matope, sijui alipitia wapi. Akachukua jongoo moja, akalikunja. Likakunjika bila kuvunjika. Akalirudisha guniani polepole.

"Bu yao," akasema.

"Anasema hataki," Mwalimu akatafsiri.

"Nimeshaelewa, Mwalimu. Uso wake haukuhitaji mkalimani."

Mwalimu akamweleza habari za dhoruba, kirefu, kwa upole wake ule. Laoban akasikiliza, akatazama magunia, akatoa neno lake. Atarudi Jumamosi ijayo asubuhi, na jioni yake anaruka kwenda kaskazini, harudi mpaka baada ya mwaka wao mpya. Yakiwa makavu atayachukua, na kila msimu atachukua kwetu. Yakiwa mabichi, basi, na tusimwandikie tena.

Kwa hiyo nilikuwa na wiki moja. Ayi alipoelewa shida yangu akaniazima nyungo pana za mianzi na akanifungulia dari, maana juu ya nyumba ni bapa, pana matangi ya maji na kamba za nguo.

## Wiki nzima kwa dakika tano

Jumapili manyunyu. Jumatatu manyunyu. Nimeanika, nimeanua, nimefunika kwa nailoni, nimefunua, ngazi za ghorofa tano zile nazijua moja moja. Jumanne jua likatoka, lakini hewa nzito, ya moto, ya kunata. Kanga niliyofua Jumapili ilikuwa bado mbichi. Majongoo madogo yalianza kukaza kidogo. Makubwa, yale magunia mawili ya Mwanakheri na Pili, hayakubadilika.

Jumanne hiyo baada ya Magharibi tukakaa mkahawani mbele ya televisheni, mimi, Mwalimu na bakuli mbili za tambi na nyama ya kondoo, kitu pekee kilichokuwa hakinikasirishi katika mji ule. Likaja tangazo la hali ya hewa ya wiki nzima kwa mkoa wote. Binti aliyevaa suti nyekundu alikuwa anapapasa ramani, na mishale ya buluu inashuka kutoka juu.

"Anasemaje?"

"Ngoja kidogo, dada." Akasikiliza mpaka nikataka kumfinya. "Kuna baridi kali inateremka kutoka kaskazini. Kesho mawingu na upepo mkali. Joto litashuka digrii kumi kwa mpigo. Kuanzia Alhamisi mpaka wikiendi ni baridi na upepo."

"Na mvua?"

"Mvua hajaitaja."

"Baridi, mawingu, upepo, halafu pasiwe na mvua? Wapi hiyo, Mwalimu?"

Akakuna kichwa. "Kusema kweli, kwetu Tukuyu baridi ikishuka hivyo, mvua iko mlangoni."

"Na kwetu Unguja vilevile."

Tukatazamana, watu wazima wawili, mmoja wa milimani na mmoja wa kisiwani, tukakubaliana kwamba binti wa televisheni amesahau. Mwalimu akaniandikia utabiri kwenye karatasi, siku baada ya siku, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni: Jumatano baridi, mawingu, upepo. Alhamisi baridi, upepo. Ijumaa baridi, upepo. Mimi nikamwomba kalamu. Mbele ya kila siku nikaongeza kwa mkono wangu: mvua.

"Hawajasema hivyo, dada," akanikumbusha.

"Watasema."

## Darini, Jumatano

Asubuhi mbingu zilikuwa za kijivu na upepo unapiga milango. Nikapanda juu kuanua kabla mambo hayajaharibika, nikamkuta Ayi amenitangulia. Anaimba. Amefunga kamba mpya kutoka tangi hadi tangi, na kwenye kamba anatundika soseji. Mbichi, nyekundu, zinachuruzika mafuta, mikungu kwa mikungu. Na soseji zenyewe ni za nguruwe, maana kichwa cha nguruwe alichokinunua cha supu kilikuwa ndani ya beseni kinanitazama.

Loo, nilipiga ukelele. Nyungo zangu zilikuwa hatua mbili kutoka kamba ile. Ayi akashtuka, kisha akacheka, akanionyesha kaskazini kwa kidole, akapuliza kwa mdomo, fuuu, akapiga kifua chake kwa furaha. Halafu akaushika ungo wangu mmoja akaanza kuuburuta kuupeleka kule kwenye soseji, ukingoni, upepo unakotokea.

"Bu yao!" nikamwambia. Lilikuwa ndilo neno pekee nililokuwa nalo, kwa hiyo nikalitumia kwa kila kitu. "Bu yao, Ayi, bu yao!"

Yeye anavuta huku, mie navuta huku. Anapuliza, fuuu, fuuu, ananionyesha mbingu. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Mama wee, mie na hicho kitu chako hatukai dari moja." Nikaubeba ungo. Nikabeba wa pili. Nikashusha nyungo zote chumbani kwangu, nikazipanga moja juu ya nyingine, nikazifunika kwa nailoni, nikafunga dirisha na kuziba pengo la chini kwa taulo. Kisha nikajifunika blanketi nikasubiri mvua.

Haikunyesha. Usiku baridi ilizidi, nami nikasema hii sasa ndiyo inakuja.

## Shisanhang: koti moja

Alhamisi mbingu zilikuwa buluu tupu, jua linawaka bila joto. Nikamwambia Mwalimu, "Linatudanganya hilo." Meno yalikuwa yanagongana, nami nina sweta moja tu, kwa hiyo tukaenda Shisanhang kutafuta koti.

Shisanhang ni mtaa wa nguo za jumla. Watu wamebanana, marobota yanapita vichwani, mikokoteni inakugonga visigino na anayekugonga ndiye anayefoka. Nikaona koti zuri la kahawia. Nikainua kidole kimoja. Mama mwenye duka akaitikia vizuri, akaingia ndani, akatoka na robota zima akaanza kulifungua. Mwalimu akamweleza ni koti moja. Akauliza robota moja? Koti moja. Akamwita mwenzake aje amtazame mtu anayenunua koti moja Shisanhang. Tulikaa pale saa nzima, midomo inanipasuka mpaka inatoa damu, hadi akanivulia lile la mfano lililokuwa limetundikwa mlangoni, ili tu tuondoke.

Nikiwa nalifunga vifungo nikainua macho. Juu ya uchochoro, kila roshani, kila dirisha, kumetundikwa nyama. Soseji, bata waliopasuliwa, vipande vya mafuta, vinapepea kama nguo za dobi.

"Mwalimu," nikasema, "hawa wote wanaanika nyama wiki ya mvua?"

Mwalimu akatazama juu. Kisha akamuuliza mwenye duka, na yule mama akacheka hata akashika kizingiti, akajibu kwa mapana.

"Anasema huu ndio upepo wanaoungoja mwaka mzima," Mwalimu akaniambia, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Baridi hii ya mwisho wa mwaka inatoka nchi kavu. Ikishuka, hakuna mvua wiki nzima, na kila kitu kinakauka. Huanika nyama zao wakati huu. Dada, mimi nilijua habari za mifereji tu. Nisamehe."

Sikuwa na cha kumsamehe, kalamu niliishika mimi. Nilikuwa na hasira ya kutosha mtaa mzima, na yote ilikuwa yangu mwenyewe. Siku mbili nimeyafungia majongoo ndani ya nailoni, huku nje upepo unakausha hata midomo yangu.

Kurudi tukapata basi lililokwama kwenye foleni. Tukashuka, tukatembea, na basi lenyewe likatupita.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Nyungo hazipo. Nikajua nimetupiwa jalalani kwa harufu. Nikapanda ngazi za ghorofa zile mbio na koti langu, nikatokea darini sina pumzi.

Nyungo zangu zote zilikuwa zimepangwa ukingo wa kaskazini, panapovuma zaidi. Kamba za soseji zilikuwa zimehamishwa nyuma ya ngazi, kwenye kona iliyokingwa na tangi, pasipofika upepo. Ayi alikuwa amekaa kwenye kistuli, kofia ya sufi kichwani, anageuza majongoo moja moja kwa vijiti vipya vya kulia.

Mwalimu akafika nyuma yangu, akaongea naye. "Anasema muuza tambi wa chini alimweleza kwamba wewe na nguruwe hamkutani. Basi amenawa kwa sabuni na amenunua vijiti vipya. Anasema samahani kwa jana, hakujua."

"Na chumba changu alifunguaje?"

"Ana ufunguo, dada. Anasema kulikuwa kunanuka."

Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto katika baridi ile. Soseji zake za mwaka mzima kazisogeza kwenye kona mbaya kwa ajili yangu mie niliyempigia makelele. Nikaketi chini karibu naye, akanipa vijiti, tukageuza mpaka jua likazama. Ijumaa yote tukafanya hivyo hivyo, yeye anaimba, mie nageuza.

## Jumamosi

Laoban akaja na viatu vyake. Akachukua jongoo kutoka gunia la kwanza, akalikunja. Likavunjika, paa! Nikataka kumkumbatia. La pili, paa. La tatu, la nne. Akatazama ndani ya yaliyovunjika, akaongea na Mwalimu kwa muda.

"Anasema yamechemshwa sawasawa, hayana mchanga, yamenyooka. Anataka ya mikono hiyo hiyo msimu ujao."

Kisha akafungua magunia mawili ya makubwa. Kwa nje yalikuwa magumu. Akatoa kisu kidogo, akalipasua moja katikati, akanionyesha. Moyo wake ulikuwa mbichi. Akapasua la gunia la pili. Mbichi.

"Bu yao," akasema, wala hakusema kwa ubaya.

"Mwambie siku mbili," nikamwambia Mwalimu. "Siku mbili tu, yatakuwa tayari."

Mwalimu akamwambia. Laoban akatazama saa yake, akatikisa kichwa, akachukua magunia manne akaenda.

## Kurudi

Niliondoka kesho yake, magunia mawili nikamwachia Ayi darini. Safari ya kurudi haikuchelewa hata dakika moja, na hilo nalo lilinichoma, maana sasa nilikuwa sina haraka ya kufika popote.

Barua ya Mwalimu ilinifikia baada ya mwezi. Anasema Jumatatu ile makubwa yote yalivunjika, paa, mpaka ndani, na Ayi ameyafunga vizuri anamngojea mtu wa kuyachukua. Barua hiyo sikuwasomea.

Kabla ya hapo, niliposhuka Uzi, niliwaambia mvua imeyalowesha magunia mawili ya makubwa yakakataliwa. Si uongo. Lakini mvua iliyalowesha yote sita, na hilo sikulisema. Bwana Hilali alikuwapo, akacheka mbele ya watu, akasema si nimewaambia, makubwa yanataka mtu anayejua kukausha. Mwanakheri akanitazama. Nami nikainama kufunga zipu ya mkoba iliyokuwa imeshafungwa.

Sasa nasikia Mwanakheri anayachemsha majongoo mara mbili mpaka yanasinyaa, na Pili ameacha makubwa kabisa, anaokota madogo tu karibu na ufuko. Sikulala niliposikia.

Mwanakheri, chemsha kama ulivyokuwa ukichemsha. Pili, rudia makubwa yako. Yalikuwa makavu yalipotoka mikononi mwenu. Upepo wa kuyakausha upya ulikuja, nikaufungia dirisha mwenyewe.